Muuguzi Aliyeutafuta Mtihani: Maisha ya Elizabeth Garrett Anderson

Mwaka huu mlezi wa chama alituagiza kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani, ayachunguze maisha yake, kisha ayaandike kwa Kiswahili bila kunukuu maneno ya mtu yeyote. Wenzangu wengi walikimbilia akina Kinjeketile, Mekatilili na Shaaban Robert. Mimi nilimchagua mama mmoja Mwingereza ambaye pengine hata jina lake hamjapata kulisikia. Msiniulize mbona nimevuka bahari ilhali huku kwetu mashujaa ni tele. Subirini kidogo, mtaona.

Sisi wanafunzi tunauogopa mtihani kama ukoma. Tarehe ya mtihani wa mwigo ikibandikwa tu pale ubaoni, kuna wanaoanza kuumwa na tumbo papo hapo. Sasa hebu fikirieni mtu ambaye aliutafuta mtihani kwa udi na uvumba kwa miaka mitano. Alibisha hodi chuo baada ya chuo akiomba jambo moja tu: atahiniwe, apite au afeli. Wakamkatalia. Hawakumkatalia kwa kuwa hajui. Walimkatalia kwa kuwa hawakutaka kujua kama anajua.

Elizabeth Garrett alizaliwa tarehe 9 Juni 1836 katika mtaa wa Whitechapel, mashariki mwa jiji la London. Baba yake, Newson Garrett, alikuwa na duka la rehani, yaani mahali ambapo mtu aliyekwama kipesa hupeleka koti au saa yake, akakopeshwa, na akishalipa hurudishiwa mali yake. Mwaka wa 1841 familia ilihamia Aldeburgh, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Suffolk. Huko Mzee Garrett alinunua biashara ya shayiri na makaa ya mawe, na baadaye akajenga majumba makubwa ya kutengenezea kimea mahali paitwapo Snape. Kimea mnakijua: huku kwetu wimbi huloweshwa, likachipua, likaanikwa. Wao walifanya hivyo kwa shayiri, wakawauzia wapika pombe. Basi kimea hicho ndicho kilichokuja kumlipia binti karo, na nitalirudia jambo hili mbele kwa sababu nina neno nalo.

Watoto wa Garrett walikuwa wengi, na Elizabeth alikuwa wa pili. Kwanza walifundishwa nyumbani. Alipotimu miaka kumi na mitatu, mwaka wa 1849, alipelekwa shule ya bweni ya wasichana huko Blackheath, karibu na London. Walifundishwa Kifaransa, fasihi na adabu za kukaa na wageni. Hisabati haikuwako, wala sayansi, hata chembe. Miaka miwili ikapita, akarudi nyumbani akiwa na miaka kumi na mitano, masomo yamekwisha. Binti wa tajiri wakati huo alitarajiwa kukaa sebuleni, afume fume, amngoje mchumba. Elizabeth alikaa, lakini hakukaa bure. Alijisomea Kilatini na hesabu peke yake, na wadogo zake akawa anawakusanya na kuwasimulia habari za siasa na za dunia. Mmoja wa wadogo hao, Millicent, mtamsikia tena.

Mwaka wa 1854 alifanya urafiki na msichana mwingine aitwaye Emily Davies, ambaye baadaye alianzisha chuo cha wanawake cha Girton, Cambridge. Halafu mwaka wa 1859 ukatokea mgeni kutoka Marekani. Alikuwa Elizabeth Blackwell, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Marekani, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya udaktari huko, mwaka wa 1849. Alikuja London akatoa mihadhara kuhusu wanawake na kazi ya udaktari. Elizabeth wetu alikwenda kumsikiliza, na aliporudi nyumbani mambo hayakuwa tena yale yale.

Kumwambia baba haikuwa rahisi. Mzee Garrett aliposikia kwamba binti yake anataka kupasua watu, alisema wazo lenyewe linamtia kinyaa. Mama alijifungia chumbani akalia hata watu wakadhani ataugua. Lakini Mzee Garrett alikuwa na tabia ambayo wazee wengi wa kwetu wanayo pia: ukimwambia jambo la mwanawe haliwezekani, hapo ndipo anapoamua litawezekana. Alifuatana na bintiye London, wakawaendea madaktari wakubwa mmoja mmoja. Kote walikokwenda walichekwa. Walishauriwa kwamba kama msichana anapenda wagonjwa, si awe nesi tu?

Naam, akawa nesi.

Mwezi wa Agosti 1860 aliingia Hospitali ya Middlesex, London, kama muuguzi katika wadi ya upasuaji, kwa majaribio ya miezi sita. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Msomaji akumbuke kwamba uuguzi wa wakati ule haukuwa na heshima iliyo nayo leo. Mwaka huo huo wa 1860 ndipo Florence Nightingale alipofungua shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas. Kabla ya hapo nesi alihesabiwa kama mtumishi wa kufagia na kumwaga ndoo. Binti wa tajiri kuvaa aproni ya nesi ilikuwa aibu. Yeye hakujali. Aproni ilimpitisha mahali ambapo gauni la hariri lisingempitisha. Asubuhi akiwafunga wagonjwa vidonda, aliwafuata madaktari wanapozunguka wadi, akatega sikio. Wakamwona ana bidii, wakamruhusu kliniki ya wagonjwa wa nje, kisha akaruhusiwa kutazama upasuaji.

Aliomba kujiunga na shule ya udaktari iliyokuwa hapo hapo hospitalini, wakakataa. Basi akaanza kujisomesha pembeni. Mtengeneza dawa wa hospitali alimfundisha Kilatini, Kigiriki na elimu ya dawa. Jioni tatu kila juma alikuwa na mwalimu wa kumlipa, wa kumfundisha maumbile ya mwili na namna viungo vinavyofanya kazi. Mchana nesi, jioni mwanafunzi.

Hapa sasa ndipo mtajua kwa nini nilivuka bahari. Mama yangu mdogo ni muuguzi katika kituo cha afya hapa pande zetu za Gesima. Alianza na diploma, akafanya kazi miaka mingi, akasomea digrii huku akiendelea na zamu, na sasa anajiandaa kwa mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili. Chuo anachokitaka hakimchukui mtu kwa vyeti tu, humpima kwanza kwa Hisabati, Kiingereza na mambo ya uuguzi. Akitoka zamu ya usiku hulala saa tatu hivi, huingia shambani kuchuma chai, na jioni hufungua vitabu juu ya meza ile ile aliyopakulia ugali. Mimi ndiye mshika saa wake. Napanga dakika, yeye anajibu, tunasahihisha. Kuna hesabu za uwiano na asilimia ambazo kwangu ni mbichi za juzi na kwake zimeota kutu, basi siku nyingine mwalimu ni mimi. Watu njiani hawaishi maneno. Ati nesi ni nesi tu, ati mtu wa miaka thelathini na minane ana mtoto shule ya upili anatafuta nini tena darasani. Mume wake hasemi mengi, lakini taa ya sola ya kusomea ndiye aliyeinunua.

Nilipomsimulia habari za zile jioni tatu kwa juma, mama mdogo alitaka kujua jambo moja kwanza: huyo Elizabeth, nani alikuwa akimpikia? Swali hilo sikulipata katika kitabu chochote, na nadhani ni swali zuri. Ukweli ni kwamba alikuwa na baba tajiri. Walimu wa kulipwa, vitabu, nyumba ya kukaa, vyote vilitoka katika kile kimea cha Snape. Msichana maskini wa Whitechapel mwenye akili kama zake angefika wapi? Sisemi hivi kumpunguzia sifa. Nasema tu kwamba pesa ilimfikisha mlangoni, na mlango wenyewe pesa haikuufungua. Huo ndio mwanzo wa kisa chenyewe.

Wakubwa wa Middlesex walianza kulegea. Wakamruhusu kuhudhuria mafunzo ya kemia, kisha hata chumba cha kupasulia maiti. Wanafunzi wa kiume wakawa wanamvumilia. Ndipo ikaja siku ya mwezi wa Juni 1861. Mwalimu wa zamu aliuliza darasa swali. Wanaume wote kimya, macho kwenye viatu. Elizabeth akalijibu.

Jameni, hilo likawa kosa! Wanafunzi walikusanyika, wakaandika barua ya malalamiko, wakatia sahihi, wakaipeleka kwa wakuu wa shule wakisema hawawezi kusoma pamoja na mwanamke. Wapo waliomtetea, lakini walishindwa. Akaondoka akiwa na vyeti vya heshima vya kemia na elimu ya dawa mkononi. Hebu wasichana wenzangu wa darasa la Fizikia, mnaokaa kimya ilhali jibu mnalo kwa sababu vijana wa nyuma watawacheka, lisomeni aya hilo mara mbili.

Kuanzia hapo aliandika maombi kila mahali. Oxford walikataa. Cambridge walikataa. Glasgow, Edinburgh, Chuo cha Madaktari Wapasuaji, wote jibu moja. Katika chuo cha St Andrews kule Uskoti alipewa kadi ya kujiandikisha, akadhani ameingia, mara baraza la chuo likakaa likaifuta. Chuo Kikuu cha London kilikuwa na mtihani wa kuingilia uliokuwa wazi kwa watu wa kila dini na tabaka, jambo la kujivunia wakati ule. Mwaka wa 1862 jambo la kuwaruhusu wanawake kuufanya lilipigiwa kura barazani. Kumi wakakubali, kumi wakakataa. Kura ya mwisho ikabaki kwa mkuu wa chuo, Lord Granville, naye akaiweka upande wa wanaokataa. Kura moja! Chuo hicho kilikuja kuwafungulia wanawake digrii mwaka wa 1878, miaka kumi na sita baadaye.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wanachama wa Chama cha Kiswahili wataipenda. Kulikuwa na chama kimoja cha zamani London, Chama cha Matabibu Wauza Dawa, ambacho kilikuwa na haki ya kutahini na kutoa leseni ya utabibu. Leseni yake haikuwa na fahari ya digrii ya chuo kikuu, lakini ilitosha kumwingiza mtu katika daftari la madaktari wa nchi. Elizabeth na baba yake walikwenda wakaisoma hati ya chama hicho neno kwa neno. Hati haikusema wanaume. Ilisema watu. Katika Kiswahili jambo hili ni la kawaida kabisa: mtu ni ngeli ya A-WA, hana uke wala uume, ukisema anasoma, hakuna ajuaye kama ni Kemunto au Nyambane. Kiingereza hupenda kutenganisha. Lakini walioandika hati ile walitumia neno la watu wote, kwa vile haikuwapitia akilini kwamba siku moja mtu huyo angekuja amevaa gauni.

Wakuu wa chama walikwenda kwa mwanasheria, naye akawaambia hawana njia, sharti wamtahini akitimiza masharti. Walipojaribu kurudi nyuma dakika za mwisho, Mzee Garrett aliwatishia kuwapeleka kortini. Wakanywea.

Masharti yenyewe yalikuwa mazito. Alihitaji miaka mitano ya uanagenzi chini ya tabibu muuza dawa aliye na leseni, na vyeti vya mihadhara kutoka kwa walimu wanaotambuliwa. Wavulana walihudhuria mihadhara hiyo wakiwa mia pamoja, kila mmoja akalipa kidogo. Yeye ilimbidi kuwalipa walimu wamfundishe peke yake, somo baada ya somo. Mafunzo ya wadi yalikuwa magumu zaidi kuyapata, maana hakuna hospitali iliyotaka kumwita mwanafunzi. Akafanya nini? Akavaa tena aproni. Aliingia Hospitali ya London, mashariki mwa jiji, kama muuguzi, akajifunza kando ya vitanda vya wagonjwa na kwa akina mama waliokuwa wakijifungua. Kwa hiyo ule uuguzi ambao watu walimpa kama njia ya kumfukuza ndio uliompa mazoezi ya mtihani, si mara moja bali mara mbili.

Tarehe 28 Septemba 1865, akiwa na miaka ishirini na tisa, alitahiniwa. Watahiniwa walikuwa saba. Waliopita ni watatu, na mwenye alama za juu kuliko wote ni yeye. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya udaktari kwa kutahiniwa waziwazi huko Uingereza.

Je, chama kilimpongeza? Kilitoa leseni kwa sababu sheria ilikilazimisha, halafu haraka haraka kikabadilisha kanuni: tangu hapo mtu aliyesomea masomo yake faraghani asikubaliwe kutahiniwa. Na kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kusoma popote ila faraghani, basi! Mlango ulifungwa nyuma yake kisigino kikiwa bado hakijavuka kizingiti. Kila nikisoma sehemu hii napandwa na hasira, na nadhani hata yeye zilimpanda, maana yote aliyofanya baada ya hapo yanaonekana kama kuurudia mlango ule ule ili auvunje bawaba.

Alifungua chumba cha kutibia katika mtaa wa Upper Berkeley, London. Mwanzoni wagonjwa walikuwa haba. Lakini miaka ile kipindupindu kilikuwa kinabisha London, na tumbo likianza kukuendesha huulizi daktari amevaa nini. Mwaka wa 1866 alifungua zahanati ya St Mary's kwa ajili ya wanawake na watoto maskini. Mwaka wa kwanza walikuja wagonjwa wapya 3,000, wakarudi rudi hata jumla ya ziara zikafika 9,300. Wanawake waliokuwa wakiona haya kumwambia daktari mwanamume shida zao za mwilini walimwambia yeye. Kwetu sisi hilo si geni. Nenda kliniki yoyote siku ya akina mama uone kina nyanya wanavyochungulia kwanza kujua ni nani aliye ndani.

Bado alikuwa na deni moja moyoni. Alikuwa na leseni lakini hakuwa na digrii. Kitivo cha udaktari cha Paris kilianza kuwakubali wanawake mwaka wa 1868, naye akaamua kuifuata digrii huko. Tayari alikuwa daktari mwenye wagonjwa wake, umri unapita thelathini, na mitihani ni kwa Kifaransa, hadharani, mbele ya maprofesa. Kile Kifaransa cha Blackheath alichokidharau kikamfaa, ingawa ilimbidi akipige msasa sana. Alikuwa akivuka bahari kwenda Ufaransa kufanya mtihani, anarudi London kuwatibu watu wake, anavuka tena. Mwezi wa Juni 1870 alimaliza mtihani wa mwisho na kutetea tasnifu yake iliyohusu kipandauso, yaani maumivu ya kichwa ya upande mmoja. Mwezi uliofuata vita vikazuka baina ya Ufaransa na Ujerumani; angechelewa kidogo tu, yote yangekwama. Na hebu niambieni: daftari la madaktari la Uingereza lilikataa kuitambua digrii hiyo! Yeye akaitumia vivyo hivyo.

Mwaka huo huo wa 1870 wanawake waliruhusiwa kugombea bodi ya shule za London. Akasimama mtaa wa Marylebone, akapata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa jiji zima. Tarehe 9 Februari 1871 akaolewa na James Skelton Anderson, mfanyabiashara wa meli. Wengi walitarajia sasa atatundika vifaa vyake ukutani. Hakutundika. Walijaliwa watoto watatu: Louisa, Margaret na Alan. Margaret alikufa mchanga kwa homa ya uti wa mgongo mwaka wa 1875. Daktari kumpoteza mtoto wake mwenyewe, na dawa ya kumponya haijavumbuliwa, ni jambo ambalo sina maneno nalo.

Mwaka wa 1872 ile zahanati ilikua ikawa Hospitali Mpya ya Wanawake, ambamo madaktari wote walikuwa wanawake. Wangetoka wapi lakini, na mlango wa mtihani umefungwa? Hapo anaingia Sophia Jex-Blake, mwanamke mkali kama pilipili, ambaye yeye na wenzake sita walikuwa wamekubaliwa Edinburgh mwaka wa 1869 kisha wakafanyiwa vurugu na wanafunzi wa kiume, na mwishowe wakanyimwa digrii. Mwaka wa 1874 Sophia alianzisha Shule ya Udaktari ya Wanawake ya London, wanafunzi kumi na wanne. Elizabeth alikuwa na shaka mwanzoni, akiona mambo yanakwenda mbio mno, lakini alijiunga akafundisha. Hawa wawili hawakuiva chungu kimoja. Mmoja alikuwa moto, mwingine maji yaliyotulia. Mwaka wa 1876 bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu vyombo vyote vya kutahini madaktari viwatahini wanawake. Mwaka wa 1877 Hospitali ya Royal Free ilikubali wanafunzi wa shule hiyo wajifunze katika wadi zake, kwa jina la wanafunzi, si kwa kujificha ndani ya aproni. Mwaka wa 1883 Elizabeth akawa mkuu wa shule, akaiongoza hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Kuna kisa kingine kidogo ninachokipenda. Mwaka wa 1874 daktari mmoja maarufu, Henry Maudsley, aliandika kwamba masomo mazito huwadhoofisha wasichana, ati mwili wao hauwezi kubeba vitabu na uzazi pamoja. Elizabeth alimjibu katika gazeti hilo hilo. Alisema, kwa ufupi, kwamba wasichana wengi zaidi wanadhoofika kwa kukaa bure bila kazi ya akili kuliko wanaodhoofika kwa kusoma, na kwamba hakuna aliyewahi kuona mjakazi wa nyumbani akipewa mapumziko kwa sababu ya hali yake ya kike. Maudsley alikuwa na jina kubwa, lakini mwenzake alikuwa na wagonjwa elfu kadhaa wa kuwatolea mfano.

Chama cha Madaktari cha Uingereza nacho kilimkubali kuwa mwanachama mwaka wa 1873, kisha kikapiga kura asikubaliwe mwanamke mwingine. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke peke yake ndani ya chama hicho. Angeweza kutoka kwa hasira. Alibaki, mpaka mwaka wa 1892 walipobadilisha.

Wauguzi wengine wa kwetu Afrika Mashariki nao waliutumia uuguzi kama ngazi, ingawa walipandia kuta nyingine. Lucy Lameck wa Moshi alisomea uuguzi, baadaye akaenda Chuo cha Ruskin kule Oxford, akaja kuwa naibu waziri Tanzania. Grace Ogot, jirani yetu wa Nyanza, alisomea uuguzi Mengo na London, akawa mwandishi na mbunge. Hao nao wanastahili kurasa zao. Mwakani mtu awashughulikie.

Mwaka wa 1907 James Anderson alifariki. Alikuwa amewahi kuwa meya wa Aldeburgh, na mwaka uliofuata mji ukamchagua mjane wake kushika kiti hicho. Hivyo mnamo Novemba 1908 Elizabeth Garrett Anderson akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya Uingereza. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka wa 1908 kwa jambo jingine. Mwezi wa Januari mwaka huo, hapa Gusii, Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza Northcote, akichochewa na Moraa, nabii wa kike aliyewaambia vijana kwamba wamekaa kimya mno. Serikali ile ile iliyokuwa ikiwapa wanawake wake kiti cha meya ilikuwa ikichoma nyumba za watu wetu. Sikuona kitabu chochote kinachoyataja mambo haya mawili pamoja, nami nimeona niyataje.

Uzeeni aliunga mkono wanawake waliodai kura kwa ukali, mpaka vurugu zilipozidi akajitenga nao. Binti yake Louisa, aliyekuwa daktari mpasuaji, hakujitenga. Alifungwa jela mwaka wa 1912 kwa ajili ya kudai kura. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Louisa na mwenzake Flora Murray waliongoza hospitali ya kijeshi katika mtaa wa Endell, London, ambayo karibu watumishi wake wote walikuwa wanawake, wakiwatibu askari waliotoka vitani.

Elizabeth alifariki Aldeburgh tarehe 17 Desemba 1917, akiwa na miaka themanini na mmoja, akazikwa huko huko karibu na bahari. Mwezi wa Februari 1918 sheria ikapita ya kuwapa kura wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka thelathini na masharti mengine, na aliyekuwa mbele katika kuidai kwa njia ya amani alikuwa Millicent, yule mdogo wake aliyekuwa akimsimulia habari za dunia sebuleni. Hospitali Mpya ya Wanawake ikapewa jina la mwanzilishi wake mwaka huo huo.